Machela Mabegani, Mto Umefungwa

Sipendi mbio za mitumbwi. Wajukuu wangu hunicheka kwa jambo hilo, wanasema babu anaogopa maji. Wacha wacheke. Kila sikukuu ikifika na ngoma zikianza kulia kule bondeni, mimi nachukua jembe langu nakwenda shamba la mbali kabisa, nalima mpaka giza linaingia. Mwaka jana mwenyekiti wetu wa kitongoji, kijana mwenye adabu zake, alisimama mkutanoni akatangaza kwamba kivuko kitafungwa siku ya mashindano kwa ajili ya usalama wa wananchi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainuka nikatoka, na sikurudi. Baadaye alikuja nyumbani kuniuliza kama ameniudhi. Nikamwambia hapana, mwanangu, hukuniudhi wewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, ile ya mwishoni. Sisi Waha wa milimani tulikuwa tumeshahamishwa, tumetolewa kwenye migomba yetu tukapangwa kwa mistari katika kijiji kipya upande wa Kasulu, jirani na mto Malagarasi. Tuliahidiwa shule, bomba na zahanati. Shule ilikuja. Zahanati ilijengwa ikafika usawa wa madirisha, ikaota nyasi, mbuzi wakawa wanalala humo. Mtu akizidiwa ilibidi abebwe mpaka kivukoni, avushwe kwa mtumbwi, kisha ng'ambo, kwenye barabara, atafutiwe gari la kumfikisha hospitali ya Kibondo. Daraja lilikuwepo, lakini mbali sana. Kwa miguu, na mgonjwa mabegani, ungelala njiani.

Kubeba wagonjwa kwetu kulikuwa na taratibu zake, na mpaka leo sijaona nidhamu kama ile mahali pengine popote. Kila nyumba ilitoa mwanamume. Machela yetu, ambayo kwa Kiha tunaiita ingobyi, ilikuwa tenga refu lililosukwa na kufungwa kwenye miti miwili ya mwanzi. Wanaume wanne wanakuwa chini yake, wengine wanafuata nyuma kusubiri zamu. Anayepokea anaingiza bega lake kabla mwenzake hajatoa la kwake, na mgonjwa hata hajui kwamba watu wamebadilishana. Na kulikuwa na sharti moja ambalo hata mtoto mdogo alilijua: ingobyi yenye mtu hai haitui chini njiani. Mkichoka, mnapokezana. Mkitaka kupumzika, mnapumzika wima. Inatua mlangoni kwa tabibu, au inatua kwa sababu aliyemo ameshakata roho, basi. Niliwahi kumwona mzee mmoja ameng'oka ukucha wa dole gumba kwenye jiwe, damu inamtoka, na bega lake halijashuka. Kwa hiyo mtu yeyote wa kwetu akiona machela juu ya mabega, hata kutoka mlima wa pili, anajua kwamba yule bado yu hai.

Mke wangu alikuwa na mdomo, jamani. Wazazi wake walitoka Burundi. Mama yake aliuvuka mto huohuo wa Malagarasi kule juu, mpakani, akikimbia na binti mmoja aliyembakia, na alikuwa akisema kwamba siku ile hakuna aliyewazuia, maji yenyewe yaliwapisha. Binti huyo ndiye niliyemwoa. Kiswahili chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na changu hakikuwa cha kujivunia, lakini alinitania kwa lugha zote alizozijua. Alipopata mimba akasema mtoto akizaliwa na masikio yangu atamrudisha alikotoka. Nilikuwa nikirudi shamba nakisikia kicheko chake toka mbali, na uchovu unaniisha. Nilimpenda. Wanaume wa rika langu hatukuwa tunasema hivyo kwa mdomo, sasa nasema.

Haya, hilo la kufunga mto. Mwaka uliotangulia, siku ya mbio, mtumbwi wa watu waliokuwa wakivuka na mihogo yao uligongwa na mtumbwi wa mashindano, ukapinduka, na mama mmoja wa kijijini kwetu akafa maji. Tulimzika wenyewe. Kwa hiyo alipokuja bwana michezo, kijana wa pwani aliyehamishiwa huku kwetu kikazi, akasema safari hii hakuna mtumbwi wa kuvusha utakaoingia majini mpaka mbio zimalizike, hakuna aliyepinga. Mitumbwi yote ingekusanywa ng'ambo, upande wa Kibondo, ifungwe mnyororo. Bendera nyekundu ikipanda, mto umefungwa, ikishuka, umefunguliwa. Upande wetu wangekaa mgambo wawili wa kuzuia watu. Alieleza kwa upole, akajibu maswali ya wazee mpaka wakaridhika. Hilo ndilo linalonimaliza kila nikilifikiria. Sheria ilikuwa nzuri, na aliyeileta alikuwa mtu mwema. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa na pa kuipeleka hasira yangu.

Mbio zilifanywa mwezi wa tano, mvua zikielekea ukingoni, mto ukiwa bado umejaa na umeyameza mafunjo ya kando zote mbili. Kiangazi mitumbwi inakwama kwenye mchanga, hakuna mbio hapo. Wavushaji wetu, ambao ndio wapiga kafi hodari kuliko wote, walikwenda kulala ng'ambo siku moja kabla, maana wao ndio walikuwa timu ya kijiji.

Uchungu ukamshika mke wangu jioni hiyohiyo. Kulipopambazuka, shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wetu, alitoka ndani mikono imelowa, uso ameukunja. Alisema mtoto amekaa mkingamo, amejaribu kumgeuza ameshindwa.

"Mikono yangu imefika mwisho," akaniambia. "Mpeleke Kibondo, tena usikae kuuliza."

"Shangazi, leo mto umefungwa."

"Watamfungulia mgonjwa. Hao nao wamezaliwa na wanawake."

Na hivyo ndivyo tulivyoamini sote. Nani angeamini vinginevyo? Majirani walikuja bila kuitwa, ingobyi ikashushwa kutoka darini, tukamlaza, tukamfunika khanga usoni kwa sababu ya jua. Mume hubeba upande wa kichwa ili mgonjwa asikie sauti anayoijua, kwa hiyo nikaingia hapo. Mama mkwe alifuata nyuma na kifurushi cha nguo za mtoto. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni wala hawasemezani ovyo, na sisi tulikuwa hatujawahi kuvunja adabu hiyo hata siku moja.

Njiani mke wangu alikuwa akipata nafuu kidogo katikati ya uchungu, na nafuu ikija, mdomo nao unakuja.

"Wewe bwana, unanitikisa kama gunia la maharage," akasema chini ya khanga.

"Gunia la maharage halilalamiki."

"Nitakulalamikia mpaka uzeeni. Utajuta kunioa."

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka, tukakaza mwendo. Kisha uchungu ukarudi akauma ncha ya khanga, na kicheko kikatukauka wote.

Tulifika kivukoni jua limepanda. Ng'ambo kulikuwa kumejaa watu, ngoma zinalia, filimbi, wanawake wanaimba nyimbo za vijiji vyao. Bendera nyekundu ilikuwa juu. Bwana michezo tulimwona vizuri, amesimama kwenye jukwaa la magogo na shati lake jeupe. Kumwona tulimwona, lakini kumsemesha ilikuwa kazi bure. Mto ulikuwa umetanuka, na kelele za ng'ambo zilimeza kila kitu. Mmoja wa wale mgambo wawili alikuwa jirani yangu. Alipoona ingobyi hakungoja aambiwe. Alivua shati akalipunga, akapuliza filimbi, akaingia majini mpaka magotini akionyesha kidole kwetu.

Bwana michezo akatuona. Nilimwona anatutazama kwa makini, sisi wanne tumesimama na machela mabegani na wengine nyuma yetu. Akainua mikono miwili mbele ya kifua, akatulia hivyo kwa muda, kisha akajipangusa uso. Halafu akatuashiria kwa kiganja, taratibu, chini, chini.

"Ametuona," mgambo akasema. "Anasema tusubiri kidogo."

Tukaona ni sawa. Ameshaona ingobyi iko mabegani, ameshajua kuna roho ya mtu hapa, huenda anasubiri mitumbwi iliyoko majini ipite ili asije akaua wengine. Tukasimama. Mitumbwi ikapita mbele yetu kwa kasi, makafi yanachapa maji, ikapotea nyuma ya mafunjo. Bendera haikushuka. Kikaja kikundi kingine.

"Tumefika?" mke wangu akauliza.

"Tumefika mtoni."

"Mbona hatuvuki?"

"Wanashindana kwanza. Tunavuka sasa hivi."

Akapumua kwa shida. Kisha akaniuliza, "Nani anaongoza?"

Hebu fikiria. Mtu yuko katika hali ile anauliza nani anaongoza. Nikamwambia ni wa kwetu, nikawa namhadithia, mtumbwi wetu uko mbele, wa pili yake ameachwa, yule mvushaji mnene amekaa nyuma anapiga kafi na mashavu yamemvimba. Wa kwetu walikuwa hata hawajaanza, wako mbali kule juu pa kuanzia, wasikoweza kutuona. Nilisema chochote, mradi anisikie.

Mgambo akapunga tena. Bwana michezo akainua tena mikono yake vilevile, akajipangusa uso vilevile, na safari hii akageuka akawaambia jambo maafisa wenzake, wageni kama yeye, waliokuwa karibu naye. Tukaona wanaketi, wengine wanavua kofia, ngoma iliyokuwa jirani yake ikanyamaza. Tukaambiana, sasa wanatushughulikia, sasa mtumbwi unakuja. Ngoma nyingine zikaendelea, kikundi kingine cha mitumbwi kikapita, na mtumbwi wa kutuvusha haukuja.

Mmoja wetu, kijana mwenye kifua, alishindwa kuvumilia. Alimwachia mwenzake nafasi, akatupa nguo, akajitosa aogelee. Maji yalimchukua kama yanavyochukua jani, yakambwaga kwenye mafunjo chini ya kivuko. Mgambo wakamvuta kwa fito, anakohoa na kulia kwa hasira. Hakuna aliyejaribu tena. Jua lilikuwa la utosi. Tulikuwa tunapokezana, bega linaingia, bega linatoka. Mimi sikutoka. Walinigusa mgongoni mara kwa mara nipumzike, nikakataa, kwa sababu yeye alikuwa anaisikia sauti yangu ikitokea pale.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza. Sauti ilikuwa imeshuka, ilibidi niinamishe kichwa. "Niambie mbio."

Nikamwambia. Wa kwetu wanakaribia, nikasema, watu wanashangilia, watapewa mpira mpya na majembe. Akasema, "Mawe," yaani mama, kwa lugha ya kwao, polepole, si kwa kulia. Nikadhani anamwita mama yake. Nikageuza shingo kumwashiria mama mkwe asogee, na hapo ndipo nikaisikia kwenye bega.

Watu waliowahi kubeba wanajua ninachosema. Mgonjwa, hata akizimia, ana namna anavyojishika, mwili unafuata mwendo wako. Halafu inafika wakati uzito unakuwa uzito tu. Wote wanne tuliisikia kwa pamoja. Niliwaona wenzangu wakitazama chini. Hakuna aliyethubutu kuinamisha bega. Tuliendelea kusimama pale, tumembeba, mitumbwi inapita, na mimi nikaendelea kumhadithia mbio. Ndiyo, niliendelea. Nilisema wa kwetu wameshinda. Niliogopa nikinyamaza itakuwa kweli.

Mama mkwe alikuja akapita mbele yangu. Akaingiza mkono chini ya khanga, akauacha humo. Ndiye aliyeuvuka mto huu na mtoto huyu mkononi, akafika salama. Kisha akautoa mkono, akanishika mimi mkono, mama mkwe wangu ambaye hatukuwahi kugusana, akanitazama usoni.

"Tueni," akasema.

Tukapiga magoti wote wanne, polepole, tukaiweka ingobyi kwenye nyasi. Mama mkwe akapiga magoti kando yake. Mimi bega langu lilibaki limepinda, sikuweza kulinyoosha, nilikaa pale chini. Sijawahi kuwa mtupu kama nilivyokuwa pale. Kama mtu angeniambia ule mto unywe wote ufe, ningeinama kunywa.

Ndipo filimbi ikalia ng'ambo. Ikalia kwa nguvu, mara nyingi, na bendera nyekundu ikashuka kwa ghafla. Mitumbwi ya mashindano iliyokuwa majini ikasukumwa kando. Ngoma zote zikakatika. Watu wakakimbilia kwenye mnyororo, mtumbwi mkubwa ukaburutwa majini, wakarukia ndani wavushaji wetu wenyewe, ambao zamu yao ndiyo kwanza ilikuwa imewateremsha mpaka hapo, na bwana michezo akaingia pamoja nao na viatu vyake. Walikuja mbio kuliko mbio yoyote niliyoiona siku ile. Yule mvushaji mnene alikuwa analia huku anapiga kafi, maana yeye alikuwa mtu wa kwetu, ameiona ingobyi ikishuka, ameshajua. Bwana michezo hakuwa anajua. Alikuwa amesimama mbele ya mtumbwi anatupungia mkono, anatupa moyo.

Aliruka kabla hawajafika, akaja akipasua maji.

"Nisameheni," akasema, anahema. "Nisameheni sana, ndugu zangu. Kwetu pwani ukiona watu wamebeba mtu juu ya mabega, wamemfunika, wanapokezana, hilo ni jeneza. Nilidhani mna msiba, mnasubiri kuvuka mkazike. Niliwaombea dua, nikawaambia watu wakae kwa heshima. Nikasema maiti anaweza kungoja, nisije nikawaua walio hai. Sasa hivi nimeona mmemweka chini na mama amepiga magoti kumhudumia, nikashtuka, kumbe ni mgonjwa."

Alikuwa anasema kwa haraka na machozi yanamlengalenga. Nilimtazama, nikawatazama wenzangu na alama za miti ya machela mabegani mwao. Tulikuwa tumesimama pale tangu asubuhi tukimwonyesha kwamba yu hai. Kadiri tulivyojikaza ndivyo alivyozidi kutuombea. Mvushaji mnene alikuwa amebaki kwenye mtumbwi, ameweka uso kwenye magoti yake.

Bwana michezo akapiga magoti kwenye nyasi, upande wa pili wa machela, suruali yake inachuruzika maji. Hakuigusa khanga, kwa adabu. Akainama karibu na kichwa.

"Vumilia, mama," akamwambia. "Gari linakungoja ng'ambo, tunakuvusha sasa hivi. Vumilia kidogo tu."

Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwambia. Mama mkwe akarekebisha ncha ya khanga iliyokuwa imepeperuka, akamwitikia kwa niaba ya binti yake.

"Asante, mwanangu," akasema.